Scott La Rock, mwenza aliyesahauliwa

Kila ninapofundisha mada ya maana na muktadha, huwapa wanafunzi mfano wa ugomvi uliozuka jijini New York kwa sababu ya wimbo ulioeleweka vibaya. Wao huchangamka, kwani wengi wamesikia habari za KRS-One, bingwa wa muziki wa kufoka. Nikilitaja jina la mwenzake, Scott La Rock, darasa hunyamaza.

Scott Sterling, kwani hilo ndilo jina lake halisi, alizaliwa mwaka wa 1962 na kukulia Bronx, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa imeelemewa na ufukara. Alisoma katika chuo cha Castleton, jimboni Vermont, ambako pia alicheza mpira wa kikapu. Aliporejea alishika kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Mchana alihudumu katika kituo cha kuwahifadhi wanaume wasio na makao. Usiku alicheza santuri vilabuni.

Kituoni humo ndimo alimokutana na Lawrence Parker, kijana asiye na kwao lakini mwenye ulimi mkali, ambaye alijiita KRS-One. Yasemekana walianza kwa kugombana. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Scott alilipwa mshahara ili amhudumie kijana yule. Kumwamini na kumfanya mshirika halikuwa sharti la kazi.

Wawili hao waliunda kundi la Boogie Down Productions. Wakati huo MC Shan, wa mtaa wa Queensbridge, alikuwa ametoa wimbo kuhusu chimbuko la ufokaji mtaani kwao. Watu wa Bronx waliusikia kana kwamba anadai sanaa yenyewe ilizaliwa huko, nao waliamini imezaliwa kwao. Shan amekana kudai hivyo. Hata hivyo, KRS-One na Scott walijibu kwa wimbo mkali mwaka wa 1986, kisha wakaongeza mwingine. Sisi tuliolelewa kwa malumbano ya washairi hatushangai. Muyaka bin Haji aliitetea Mombasa kwa beti dhidi ya mahasimu wa Lamu na Unguja, na hakuna asemaye kwamba alipotoka.

Nyimbo hizo za majibizano zimo katika Criminal Minded, albamu yao ya kwanza, iliyotolewa Machi 1987 na B-Boy Records, kampuni ndogo ya papo hapo Bronx. Nakiri kwamba jalada lake hunikera hadi leo: Scott, aliyetumia mchana wake kuwatuliza waliokata tamaa, yumo pichani pamoja na mwenzake, silaha zikiwa mbele yao.

Miezi mitano baadaye, D-Nice, kijana wa kundi lao aliyekuwa na umri wa miaka 17, aliingia katika mzozo na vijana wengine. Scott alienda na wenzake katika mtaa wa Highbridge ili kuwapatanisha. Hakuenda kupigana. Gari lao lilimiminiwa risasi, naye akafa Agosti 27 akiwa na umri wa miaka 25. Watu wawili walishtakiwa, kisha wakaachiliwa huru.

Wapo wanaoieleza albamu ile kana kwamba ni kazi ya mfokaji peke yake. Mimi siafiki. Midundo ile mikavu, isiyo na mapambo, ndiyo iliyoyapa maneno nafasi ya kusikika, na Scott alishiriki kuijenga. Ni albamu ya pekee waliyoikamilisha pamoja.

KRS-One mwenyewe hakumsahau. Mwaka wa 1989 aliwakusanya wafokaji wenzake katika wimbo wa kupinga mauaji miongoni mwa vijana weusi. Jina la kundi alilolianzisha na Scott alilihifadhi katika albamu zote zilizofuata hadi mwaka wa 1992. Ile ya 1993 ndiyo ya kwanza aliyoitoa kwa jina lake pekee.