Theodor Kocher: Daktari aliyewaita wagonjwa wake warudi

Hebu simama mbele ya kioo, umeze mate, uangalie shingo yako. Chini tu ya kile kikoromeo kinachopanda na kushuka kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Inaitwa thairoidi. Siku nyingi hata hukumbuki iko, lakini ndiyo inayoamua mwili wako uende kwa kasi gani: moyo, joto, uzito, hata akili.

Kama unaishi Section 58, ama mtaa wowote wa Nakuru, pengine unamjua mtu mwenye kovu jembamba hapo shingoni, limelala kama mkufu. Kila asubuhi anameza tembe moja kabla ya chai. Inaweza kuwa mamako, shangazi yako, ama wewe mwenyewe. Kovu hilo na tembe hiyo vina hadithi, na ukitaka kuielewa lazima nikupeleke mbali kidogo, hadi Uswisi, kwa daktari mmoja aliyefanya kosa kubwa kisha akarudi kulitazama.

Theodor Kocher alizaliwa mjini Bern mnamo Agosti 25, 1841, mtoto wa mhandisi. Alisomea udaktari hapo hapo nyumbani, kisha akazunguka Berlin, London, Paris na Vienna akiwatazama mabingwa wa upasuaji wakifanya kazi. Mwaka 1872, akiwa na miaka 30 tu, akafanywa profesa wa upasuaji Bern. Kiti hicho hakukiacha kwa karibu miaka 45.

Sasa, kwa nini shingo? Kwa sababu Uswisi ni nchi ya milima, na udongo wa milimani huwa hauna madini ya iodini ya kutosha. Tezi ya thairoidi inahitaji iodini ili ifanye kazi. Ikiikosa, inavimba. Hiyo ndiyo goita, ama rovu kwa Kiswahili cha pwani. Usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Hapa kwetu nyanda za juu, Bonde la Ufa likiwemo, waulize wazee: shingo zilizovimba walizijua vizuri. Ndiyo maana tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe iodini. Angalia pakiti ya chumvi jikoni kwenu, utaona imeandikwa.

Wakati Kocher anaanza, kupasua goita kulikuwa kama kucheza kamari na kifo. Tezi hii ina damu nyingi mno, na katikati ya karne ya 19 takriban wagonjwa 4 kati ya 10 walikufa. Madaktari wengi waliiogopa kama moto. Kocher hakuwa mtu wa haraka. Alipasua polepole, kwa usafi mkali, akibana mshipa mmoja baada ya mwingine kabla haujamwaga damu. Koleo alilolibuni kwa kazi hiyo bado liko kwenye vyumba vya upasuaji duniani kote, na bado linaitwa kwa jina lake.

Wagonjwa wakaanza kupona. Sifa zikaenea. Na kwa kuwa alikuwa fundi, wengine aliwatoa tezi yote, safi kabisa, bila kubakisha hata kipande. Wakati huo hakuna aliyejua tezi hiyo ina kazi gani. Ilionekana kama kitu mwili unaweza kuishi bila.

Mwaka 1874 alimpasua msichana wa miaka 11. Kidonda kikapona vizuri. Baadaye mwaka huo huo, daktari aliyemtuma msichana huyo akamwandikia Kocher kwamba mtoto amebadilika: amekuwa mzito, hana uchangamfu. Kocher hakulitilia maanani. Kumbuka, alikuwa kijana, anapanda, anasifiwa. Wewe ungesimama?

Miaka ikapita. Septemba 1882 akakutana na daktari mwenzake wa Geneva, Jacques-Louis Reverdin, aliyemweleza kwamba baadhi ya wagonjwa wake waliotolewa tezi yote wamedhoofika kwa namna ya ajabu. Hapo ndipo Kocher alipostuka. Akawaandikia wagonjwa wake wa zamani waje Bern awaone.

Alichokiona kilimvunja moyo. Wale waliotolewa sehemu tu ya tezi walikuwa wazima. Lakini kati ya 18 waliotolewa yote na wakarudi kupimwa, 16 walikuwa wameharibika: uso na mikono imevimba, baridi isiyoisha, nywele zinadondoka, wanaongea na kufikiri polepole. Yule msichana alikuja na dada yake mdogo. Zamani walifanana sana. Sasa mdogo alikuwa amempita kwa urefu, na mkubwa alikuwa amebaki mfupi, amezubaa.

Kocher angeweza kunyamaza. Barua zilikuwa zake, wagonjwa walikuwa wake. Badala yake, Aprili 1883 alisimama Berlin mbele ya madaktari wapasuaji wa Ujerumani akawaeleza yote, hesabu kwa hesabu. Tangu hapo hakutoa tena tezi nzima kwa sababu ya goita ya kawaida. Ungamo hilo ndilo lililosaidia dunia kuelewa kwamba thairoidi ni kiungo ambacho mwili hauwezi kukikosa hivi hivi.

Mwaka 1891 daktari wa Uingereza, George Murray, alimdunga mgonjwa maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo, na mgonjwa akapata nafuu. Aliishi miaka mingine 28. Leo hatuhitaji kondoo. Homoni hiyo inatengenezwa kiwandani, na ndiyo ile tembe ya asubuhi.

Hapa ndipo hadithi inakugusa. Vivimbe vingi vya thairoidi si kansa. Lakini vingine ni, na wanawake hupata zaidi ya wanaume, hata wakiwa vijana. Ukiona uvimbe usioondoka, sauti imekwaruza wiki nyingi, ama kumeza kumekuwa shida, nenda upimwe. Daktari atataka ultrasaundi, na pengine atachukua chembe kwa sindano nyembamba. Aina iliyo ya kawaida zaidi hukua polepole na hutibika vizuri ikigunduliwa mapema.

Kansa ikithibitishwa, mara nyingi tezi yote inaondolewa, kitu kilekile kilichomtesa Kocher. Wengine hupewa pia iodini yenye mionzi, ya kumeza. Inafanya kazi kwa ujanja rahisi: chembe za thairoidi zina njaa ya iodini popote zilipojificha, kwa hivyo zinajimezea sumu yao zenyewe. Utakaa mbali na watu siku chache, basi.

Tofauti kati yako na yule msichana wa Bern ni tembe. Imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji, na chai ya maziwa isubiri angalau nusu saa, kwa sababu maziwa huizuia kuingia mwilini. Usiiache kwa sababu unajisikia poa. Unajisikia poa kwa sababu unaimeza. Na usibadilishe kipimo kwa ushauri wa rafiki ama muuza mitishamba. Damu inapimwa, daktari anaamua.

Kocher aliendelea kupasua hadi uzeeni. Alifanya zaidi ya operesheni 5,000 za goita, na mwishoni waliokufa walikuwa chini ya 1 kati ya 100. Mwaka 1909 akawa mpasuaji wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1912 alitoa faranga 200,000 za Uswisi kuanzisha taasisi ya utafiti Bern. Alifariki Julai 27, 1917.

Yule msichana alipasuliwa 1874, na dawa ikaja 1891. Miaka 17 ilimtenga na maisha yake. Wewe dawa yako iko mezani. Kesho asubuhi, kabla ya chai, imeze.