Abul-Wafa: Mwanahesabu aliyewakumbuka wafanyabiashara

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka hubadili fedha kwanza, ndipo apige hesabu. Anayesahau hilo hupata hasara. Jambo hilo lilimshughulisha pia Abul-Wafa al-Buzjani, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ya 10.

Alizaliwa Juni 10, 940 huko Buzjan, katika eneo la Khorasan ambalo leo liko Iran. Mwaka 959, akiwa kijana wa miaka 19, aliondoka kwao kwenda Baghdad na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote.

Kati ya mwaka 961 na 976 aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya makarani na watu wa biashara. Ndani yake alieleza vipimo vya ardhi, kodi na ubadilishaji wa fedha. Namba aliziandika kwa maneno, kwa kuwa watu hao walizoea kuhesabu kichwani na kwa vidole. Tatu ukitoa tano, jibu aliliita deni la mbili. Mwenye duka yeyote alielewa.

Mafundi nao aliwaandikia kitabu cha kuchora maumbo. Katika elimu ya nyota alitengeneza jedwali la sini kwa kila robo ya nyuzi, akaonyesha jinsi sini, tanjenti, sekanti na kosekanti zinavyohusiana katika duara moja. Baadhi ya hizo zilijulikana kabla yake, lakini yeye alizipanga vizuri zaidi.

Kosekanti ni 1 kugawanya kwa sini. Ya nyuzi 30 ni 2. Kwa hiyo paa lenye mwinamo wa nyuzi 30 na kimo cha mita 2 linahitaji boriti ya mita 4 kila upande, kutoka ukutani hadi kileleni.

Leo mtu aliyerejea nyumbani na anataka kujenga anaweza kupata jibu hilo kwa kompyuta. Katika programu ya Excel, kuanzia toleo la 2013, huandika =CSC(RADIANS(30)). Kwenye toleo la zamani huandika =1/SIN(RADIANS(30)). Yote mawili hutoa 2.

Lakini tahadhari. Kompyuta hupima pembe kwa radiani, si kwa nyuzi. Ukiandika =CSC(30) bila kubadili kwanza, utapata -1.01. Hakuna boriti yenye urefu wa deni! Ukinunua mbao kwa hesabu ya namna hiyo, hasara ni yako.

Mei 24, 997 Abul-Wafa akiwa Baghdad, na al-Biruni akiwa Kath, mji ulio Uzbekistan ya leo, walitazama kupatwa kwa mwezi kulekule. Kwa kulinganisha saa zao walipata tofauti ya longitudo kati ya miji hiyo miwili.

Alifariki dunia mwaka 998. Shimo moja kubwa usoni mwa mwezi limepewa jina lake.