Kisia: Karafuu Hii Imetoka Wapi?

Wanachuo wenzangu, mgeni akienda Kizimbani kutembezwa mashamba ya viungo, mchezo ni ule ule. Anaambiwa afumbe macho, anapewa kitu kikavu atafune, akisie ni nini. Ulimi ukianza tu kufa ganzi, anajibu: karafuu. Haya, kapata. Swali la pili ndilo gumu: imetoka wapi? Wengi husema Unguja. Jawabu kamili limo katika maisha ya Seyyid Said bin Sultan.

Said alizaliwa Samail, Omani, mwaka 1791. Mwaka 1806 alimuua binamu yake Badr bin Seif akashika utawala, umri wake kama mwanafunzi wa kidato cha pili hivi. Unguja alifika mara ya kwanza mwaka 1828, na baadaye akahamishia makao yake hapa.

Karafuu alizikuta. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa walizichukua huko karne ya 18 wakazipanda Mauritius na Réunion, na Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil, ndiye anayetajwa kuzileta kwetu, akapanda Mtoni na Kizimbani. Said akamnyang'anya mashamba. Kisha akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Yeye mwenyewe akawa na mashamba 45. Mwaka 1840 jahazi lake Sultana lilitia nanga New York, na magunia ya karafuu yakiwamo ndani.

Sasa, nani alipanda, akapalilia, akachuma? Watumwa waliotolewa bara. Mwaka 1845 Said alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasisafirishwe nje ya milki yake ya Afrika Mashariki. Ndani ya milki biashara iliendelea, maana mashamba yalitaka mikono. Utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897.

Said alifariki baharini karibu na Shelisheli mwaka 1856, akirudi kutoka Omani. Amezikwa Makusurani, Mji Mkongwe. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi. Kwa hivyo hata yule aliyejibu Unguja, huenda anatafuna karafuu ya Pemba.

Kuna wenzetu wanaotembeza wageni wakati wa likizo. Wengi humtaja Seyyid Said kama bwana aliyetuletea karafuu, basi, hadithi imekwisha. Jamani, hakuzileta yeye, wala hakuzichuma yeye. Alikuwa mfanyabiashara hodari, hilo halina ubishi, lakini mgeni akishamaliza kukisia aambiwe pia habari za Saleh na za watumwa. Ulimi hauwezi kuzionja habari hizo. Lazima mtu azisimulie.