Abeti Masikini: Sauti Iliyotoka Kisangani

Likizo kubwa iliyopita nilirudi kwetu Opala nikiwa nimebeba ujumbe wa familia. Mdogo wangu wa kike, aliyemaliza sekondari mwaka huo, alikuwa ameanza kuimba katika orkesta ya vijana, na wazee hawakufurahi. Mama alinipigia simu mara tatu. Aliamini kwamba mimi, kwa kuwa ni kaka mkubwa na ninasoma chuo kikuu, ningekuwa na maneno ya kumkanya. Basi nikavuka mto hadi Lubunga, nikapanda pikipiki, na njia nzima, katikati ya matope na madaraja ya magogo, nikawa ninayapanga maneno hayo kichwani.

Nilifika Jumamosi, na jioni ileile kulikuwa na muziki kwenye uwanja wa mpira. Kwetu kipindi hicho mvua hupungua kidogo, wanafunzi wamerudi kutoka mjini, na watu hupenda kukesha nje. Jukwaa lilikuwa mbao zilizopangwa juu ya makreti ya bia. Nyuma yake jenereta ilinguruma. Kila ilipokwama, taa zilizimika na magita yakanyamaza, lakini mpiga ngoma hakusimama, na watu waliendelea kuimba kwa makofi mpaka umeme uliporudi. Akina mama waliuza mikate ya mafuta na samaki wa Lomami waliokaushwa kwa moshi. Watoto walicheza mbele kabisa, pale vumbi linapotimka. Aliyefurahishwa na mwimbaji alimwendea na kumbandikia noti kwenye paji la uso. Orkesta zilikuwa tatu, zote za hapohapo, na niliwajua karibu wapigaji wote: fundi baiskeli kwenye gita la besi, mwalimu wangu wa shule ya msingi kwenye solo. Nilicheza mpaka nikasahau kwamba nimetumwa.

Usiku ulipokuwa mkubwa, mdogo wangu alishika mikro. Aliimba nyimbo mbili za Kilingala, kisha moja ya zamani kwa Kiswahili chetu, Mutoto Wangu. Sikuwa nimewahi kuusikia wimbo ule. Uwanja ulitulia. Koko mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama ninamjua mwenye wimbo. Nilipojibu hapana, alinitazama kama mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Akanieleza kwamba ni wa Abeti, binti wa Kisangani, na kwamba ni aibu kusoma lugha katika mji aliozaliwa bila kumjua.

Ujumbe wa familia sikuutoa usiku ule. Niliona afadhali kwanza nijue mwanamke huyo alikuwa nani, na kuimba kulimfikisha wapi. Haya ndiyo niliyoyapata, na ninayaleta kwenu, wasomaji wenzangu, kwa kuwa nadhani wengi wetu tungeanguka mtihani uleule wa koko.

Abeti alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954, wakati mji wetu ulipokuwa ukiitwa Stanleyville. Jina lake la ubatizo lilikuwa Elisabeth, na la baba lilikuwa Finant. Baba huyo, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa MNC, chama cha Patrice Lumumba. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, alikuwa rais wa Jimbo la Mashariki. Kwa hiyo, akiwa na miaka mitano, Abeti alikuwa mtoto wa mkubwa wa jimbo zima.

Ukubwa huo haukumaliza mwaka. Septemba 1960 Lumumba aliondolewa madarakani, na Kanali Joseph-Désiré Mobutu akatwaa mamlaka kwa nguvu za jeshi. Wafuasi wa Lumumba wakaanza kusakwa. Lumumba mwenyewe aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata Finant, ambaye naye alikuwa ametiwa mbaroni, aliuawa pamoja na wenzake huko Bakwanga, mji tunaouita leo Mbuji-Mayi. Binti yake alikuwa na miaka sita.

Mama alibaki na watoto, na familia ikahamia mji mkuu. Huko ndiko Abeti alikokulia, katika mji ambao muziki ulitoka kila baa. Lakini muziki huo ulikuwa mikononi mwa wanaume. Franco alikuwa na OK Jazz, Tabu Ley Rochereau alikuwa na Afrisa, na vijana wa Zaïko Langa Langa walikuwa wanaanza kubisha hodi. Waimbaji wanawake walikuwapo, kama Lucie Eyenga katika miaka ya 1950, lakini mwanamke kusimama mbele ya orkesta yake mwenyewe, akaitwa kiongozi, halikuwa jambo la kawaida. Msichana aliyepanda jukwaani alihesabiwa kuwa amepotea. Mama yangu mpaka leo anahesabu hivyo.

Mwaka 1971 Abeti alishiriki mashindano ya vipaji vipya yaliyoandaliwa na mwimbaji Gérard Madiata. Hakuchukua nafasi ya kwanza. Hata hivyo alionwa na Gérard Akueson, mwanamuziki na mtayarishaji kutoka Togo, ambaye alikubali kumsimamia na baadaye akawa mumewe. Kwa kusikiliza mashindano yale mtu angeweza kudhani kwamba ameshindwa, kumbe kazi yake ilianzia hapo.

Ndipo jina lake likabadilika. Katika siasa yake ya kurudia uasili, Mobutu alipiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972. Elisabeth akawa Abeti. Finant likaondoka, likaingia Masikini, jina la upande wa mama. Ukilitazama jambo hili kwa makini linauma: jina la baba aliyeuawa lilifutwa kwa amri ya mtu yuleyule aliyempindua Lumumba. Lakini sisi wanafunzi wa lugha tunaona na upande wa pili. Masikini ni neno la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu. Lugha hiyo ilifika kwenye maporomoko yetu katika karne ya 19 na misafara ya pwani, zama za Tippu Tip, ikabaki na kuwa yetu. Basi binti huyo aliingia ulimwenguni na jina ambalo mtu wa Kisangani, wa Bukavu au wa Mombasa halihitaji kutafsiriwa.

Na aliingia kwa kishindo. Mwaka 1973, akiwa na miaka 18, aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, na mbunifu wa mavazi Pierre Cardin akalitia jina lake kwenye santuri yake ya kwanza ili kumtambulisha kwa Wafaransa. Mwaka 1974 aliimba Carnegie Hall, New York. Muziki wake haukuwa rumba ya Kinshasa peke yake. Ulichanganya bluzi na soul, na sauti yake ilikuwa nzito kwa chini, kali kwa juu, kiasi kwamba alipewa sifa ya chui milia jike. Aliimba kwa Kilingala, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mutoto Wangu ni mmoja wa nyimbo zake za mwanzo. Hebu litazame jina hilo tena. Katika karatasi zetu za mtihani, anayeandika mutoto huchorewa mstari mwekundu, aandike mtoto. Mimi mwenyewe nimechorewa. Abeti aliliacha neno kama linavyotamkwa sokoni kwetu, nalo likasafiri hivyo hivyo. Siandiki haya ili kufuta Kiswahili sanifu, ambacho ndicho ninachokitumia hapa, bali kusema kwamba Kiswahili cha nyumbani nacho kimewahi kutoka nje bila kuomba radhi.

Nifike sasa kwenye usiku ambao ulinifanya niandike. Septemba 1974, kuanzia tarehe 22 hadi 24, kulifanyika tamasha la muziki la usiku tatu mjini Kinshasa, katika uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Stade du 20 Mai, chini ya anga wazi. Liliandaliwa na Hugh Masekela wa Afrika Kusini pamoja na Mmarekani Stewart Levine. Lengo lilikuwa kupasha moto pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba. Kwa miaka mingi waliosimulia tamasha lile waliwataja hao.

Lakini mwenye uwanja ni mwenyeji. Orkesta za kwetu zilikuwapo pia: Franco na OK Jazz yake, Tabu Ley na Afrisa, Stukas. Na alikuwapo Abeti, binti wa miaka 19, pamoja na kaka yake Abumba Masikini, mpiga gita na mtunzi. Sauti za Waafrika wa tamasha hilo zilikaa kwenye kanda zaidi ya miaka 40, mpaka zilipotolewa mwaka 2017. Ukizisikiliza utasikia magita yakijibizana na watu wakiitikia lugha wanayoielewa. Nilipozisikiliza kwa mara ya kwanza nilikumbuka makreti ya bia ya Opala. Tofauti ni kwamba Kinshasa umeme haukukatika.

Hata hivyo jambo moja lilinisumbua. Tamasha lile lilikuwa fahari ya Mobutu, na pambano lilikuwa lake. Binti wa Finant aliimba kwenye sherehe ya mtu aliyepanda juu ya kaburi la Lumumba na wenzake. Mwanzoni nilitaka kumlaumu. Kisha nikafikiri tena. Mobutu huyohuyo alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, na nchi nzima ilipiga makofi, waliofiwa na wasiofiwa. Wanamuziki wote wa zama zile waliimba chini ya kivuli hicho. Hata Franco, mkubwa wao, alitupwa gerezani mwaka 1978 kwa ajili ya nyimbo zake. Jukwaa lisilo la Mobutu halikuwapo nchini. Binti yatima alikuwa na njia mbili: anyamaze, au aimbe mahali palipokuwapo. Aliimba, na aliimba kwa jina la mama yake na kwa lugha ya mji wa baba yake. Sioni kwamba alimsaliti mtu.

Baadaye kikundi chake, Les Redoutables, kiligeuka kuwa shule. Mbilia Bel alianzia kazi humo kabla ya kung'aa na Tabu Ley, na Lokua Kanza alipiga gita humo kabla ya dunia kumjua. Wimbo wake Je suis fâché wa mwaka 1986 ulipendwa sana Afrika Magharibi na hata visiwani Antilles. Mwaka 1988 alijaza ukumbi wa Zénith, Paris, na mwaka uliofuata alikwenda kuimba China. Alifariki kwa saratani tarehe 28 Septemba 1994 huko Villejuif, karibu na Paris, siku chache baada ya tamasha la Kinshasa kutimiza miaka 20. Alikuwa na miaka 39. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa ukazikwa huko. Stanleyville alikozaliwa ilikuwa imekwisha kuwa Kisangani zamani, na jina lake lilikuwa limeanza kusahaulika kwetu.

Kabla ya kuondoka Opala nilimsimulia mama maisha haya, jioni, tukimenya ndizi za lituma. Sikuacha kitu, wala kifo cha baba, wala ugonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza juu ya Paris wala New York. Aliuliza ni nani aliyekuwa akimlinda yule msichana usiku, alipotoka jukwaani. Nikajibu kwamba alikuwa na kaka yake kwenye gita. Mama akaendelea kumenya, kisha akaniuliza likizo ijayo nitafika lini.

Mimi gita silijui. Lakini mdogo wangu ameruhusiwa kuimba mpaka nitakaporudi, kwa sharti kwamba nikirudi nitasimama kando ya jukwaa mpaka wimbo wa mwisho, na kumrudisha nyumbani mimi mwenyewe. Nimekubali. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba asibadilishe mutoto kuwa mtoto kwa sababu kaka yake anatoka chuo kikuu.