Maisha ya Jim Corbett, Mwindaji Aliyezikwa Nyeri

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi tumeitumia mno katika insha zetu, hata mwalimu akiiona hutabasamu tu. Lakini ni wachache wetu waliopata kujiuliza samaki huyo hukunjwaje, na akikunjwa vibaya hutokea nini. Mimi nimelazimika kujiuliza. Mdogo wangu wa mwisho ametimiza miaka sita, na kila likizo nikirudi nyumbani namkuta akimsihi baba ampeleke kuwinda. Kwetu ni Buhinyuza, upande wa Muyinga, si mbali na mto Ruvubu. Babu yangu alikuwa mwindaji katika bonde la mto huo kabla halijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Likizo iliyopita baba aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, kama mtoto mdogo hivyo afundishwe kuwinda au aachwe. Sikuwa na jibu.

Jibu nililitafuta katika maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake nilizipata kwa njia ya uskauti. Sisi maskauti twajua kwamba Baden-Powell, aliyeanzisha chama chetu, alifariki Nyeri, nchini Kenya, mwaka 1941, na akazikwa hukohuko. Nyumba yake ndogo, iliyoitwa Paxtu, baadaye ilikaliwa na mzee mwingine, ambaye naye alizikwa katika makaburi yaleyale ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mzee huyo ni Jim Corbett. Katika siku zake hapakuwa na mwindaji aliyesifiwa kumshinda, na ajabu ni kwamba leo jina lake limepewa hifadhi ambamo wanyama hawawindwi.

Jina lake kamili ni Edward James Corbett. Alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 katika mji wa Naini Tal, ulio katika milima ya kaskazini ya Bara Hindi, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa posta. Watoto walikuwa wengi nyumbani, na fedha haikuwa nyingi. Majira ya baridi jamaa yote ilishuka Kaladhungi, chini ya milima, mahali palipozungukwa na misitu yenye paa, dubu, chui, na chui milia, yaani yule mnyama mkubwa mwenye mistari ambaye huku kwetu Afrika hayuko porini. Mwaka 1881, Jim akiwa hajatimiza miaka sita, baba yake alifariki. Kaka yake mkubwa, Tom, akaishika kazi ya posta, na kwa mdogo wake akashika nafasi ya baba.

Jim alipougua homa ya mapafu akawa karibu kufa, Tom alimpa manati ili apate hamu ya kuishi. Mtoto akapona, na manati hiyo ikawa silaha yake ya kwanza. Baada ya manati akapata upinde. Lakini somo kubwa alilopewa na Tom halikuwa la silaha. Siku moja Tom alimchukua alfajiri mpaka mlimani, akamweka peke yake kando ya korongo lililojulikana kuwa na dubu, kisha yeye akaenda kukaa mbali. Mtoto alikaa pale saa nyingi, kila mti uliolia kwa upepo ukimtia hofu. Corbett mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakuficha jinsi alivyoogopa siku ile. Wengine watasema Tom alikuwa mkatili, nami nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilidhani hivyo. Sasa naona kwamba alimfundisha kwanza kukaa kimya pamoja na hofu yake, kabla hajamfundisha kuua kitu chochote.

Alipofika miaka minane alipewa gobori kuukuu na mtu mmoja aliyekuwa akiandika kitabu juu ya ndege wa nchi ile, naye Jim akatakiwa kumletea ndege wa kuchunguzwa. Gobori hilo lilikuwa na mitutu miwili. Mtutu wa kuume ulikuwa umepasuka, na chuma na mti vilishikana kwa waya wa shaba tu. Baruti na marisau alivyopewa vilikuwa vya kupimwa, kwa hiyo hakuweza kupiga ovyo. Ilimbidi anyemelee mpaka awe karibu kabisa na awe na hakika. Umaskini wa baruti ukawa mwalimu wake.

Siku moja alikuwa akiwanyemelea kuku wa porini na gobori lake hilo. Akafika kwenye kichaka, akasimama achungulie upande wa pili. Mara kichaka kikatikisika, akatoka chui milia. Yule mnyama akageuka, akamtazama mtoto kana kwamba anamshangaa, kisha akaenda zake polepole bila kugeuka tena. Corbett hakuisahau siku ile maisha yake yote. Tangu hapo alijua kwamba mnyama mwenye nguvu za kumwua mtu kwa pigo moja, mara nyingi hana haja naye.

Mwalimu wake mwingine alikuwa Kunwar Singh, mwenyeji wa Kaladhungi. Huyu alimfundisha njia za msitu hata mtoto akaweza kurudi nyumbani kutoka mahali popote. Jim akajifunza kusoma nyayo kama sisi tusomavyo kitabu, na kutambua kwa sauti za ndege na nyani kwamba chui anapita. Hata akaweza kuziiga sauti hizo. Jambo la kuangalia ni hili: Kunwar Singh, kwa sheria ya serikali, alikuwa jangili. Wakubwa walipata ruhusa ya kuwinda, naye aliyezaliwa pale aliitwa mwizi wa nyama. Nilipofika hapo nilimkumbuka babu yangu, nikafunga kitabu kwa muda.

Lakini yaliyofuata katika maisha ya Corbett yalinikumbusha jambo langu mwenyewe, na lazima nilisimulie hapa ili mwelewe kwa nini naandika.

Nilipokuwa na umri wa mdogo wangu wa sasa, baba alinifundisha kutega. Ndezi walikuwa wakiimaliza mihogo yetu, tukatega mtego wa waya kando ya shamba. Mimi ndiye niliyeufunga, na kwa haraka ya kitoto sikuufunga vizuri. Asubuhi hatukukuta ndezi. Pongo alikuwa amepita usiku, akanaswa mguu, akavuta mpaka waya ukang'oka, akaondoka nao. Palikuwa na damu katika majani. Mimi nilitaka turudi nyumbani, maana ilikuwa saa ya uji. Baba alikataa. Alisema kwa ukali kwamba mnyama aliyeumizwa ni deni, akanitanguliza mbele niitafute ile damu tone kwa tone. Tulikwenda mpaka jua likawa kali. Tulipofika mpaka wa hifadhi tuliona nyayo zimeingia ndani, na sisi hatukuwa na ruhusa ya kuingia. Baba akaketi chini, akaitazama mikono yake, asiseme neno mpaka tuliporudi. Yule pongo hatukumwona tena. Miaka kumi na mitatu imepita, na mpaka leo sijui kama alikufa siku ile au aliteseka wiki nzima.

Sasa tumrudie Corbett. Aliacha shule akiwa kijana, akafanya kazi ya reli, na kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia uhamishaji wa mizigo huko Mokameh Ghat, kando ya mto Ganges. Mwaka 1907 aliitwa Champawat. Huko kulikuwa na chui milia jike aliyekuwa akila watu. Inahesabiwa kwamba alikuwa ameua watu 436, kwanza katika nchi ya Nepal, kisha katika eneo la Kumaon. Watu walikuwa wakijifungia ndani, na mazao yalioza mashambani. Corbett alikubali kwenda kwa masharti mawili: serikali iondoe zawadi ya fedha iliyotangazwa, na wawindaji wengine waitwe warudi. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaoua kwa ajili ya fedha. Baada ya siku kadhaa za hatari, kwa msaada wa wanakijiji waliopiga kelele mlimani, alimwua.

Alipoukagua mzoga, aliona kwamba chonge mbili za upande wa kuume, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevunjika. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alikuwa amempiga risasi mdomoni asimwue, naye hakumfuata. Mnyama akawa hawezi tena kuwakamata wanyama aliozoea kuwinda, akageukia watu. Wasomaji, fikirini jambo hili. Watu 436 walikufa kwa sababu ya risasi moja iliyopigwa ovyo na mtu asiyejulikana hata jina, ambaye huenda jioni ile alikula chakula chake na kulala usingizi. Nilipoyasoma hayo niliiona tena damu katika majani, nikaelewa kwa nini baba alikataa nisirudi kunywa uji.

Kwa miaka mingi Corbett aliitwa tena na tena kwa kazi kama hiyo. Tarehe 2 Mei 1926 alimwua chui wa Rudraprayag, ambaye kwa miaka minane alikuwa amewatisha mahujaji na kuua watu 125 kwa hesabu ya serikali. Mla watu wake wa mwisho alimwua mwaka 1938. Katika wengi wa wanyama hao alikuta jeraha la zamani: risasi, au miiba ya nungunungu iliyozama mwilini, au uzee tu. Aliwafundisha watu kwamba chui milia kwa kawaida si adui wa binadamu.

Sisemi kwamba Corbett alikuwa malaika. Katika ujana wake aliua wanyama wengi kwa mchezo, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lake. Lakini alibadilika. Alishika kamera mahali pa bunduki, na ili chui milia wasisikie mlio wake, alizuia kijito kidogo msituni ili maji yafanye kelele. Kwa ujanja huo alipata kuwapiga picha chui milia saba. Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa katika misitu ile. Baada ya kifo chake hifadhi hiyo ikapewa jina lake, na mwaka 1973 ndiko ulikoanzia mpango mkubwa wa kuwaokoa chui milia wa Bara Hindi. Katika Vita Kuu ya Pili, akikaribia miaka 70, aliwafundisha askari kuishi msituni. Yote aliyowafundisha aliyajua tangu utoto.

Hakuoa. Mwaka 1947, Bara Hindi ilipopata uhuru, yeye na dada yake Maggie walihamia Kenya. Huko Nyeri aliandika vitabu, na usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa mlinzi katika nyumba ya mtini iitwayo Treetops, wakati Elizabeth wa Uingereza alipokuja kutazama wanyama. Usiku huo baba wa mgeni huyo, Mfalme George wa Sita, alifariki, na yule aliyepanda mtini binti mfalme akashuka malkia. Corbett alifariki tarehe 19 Aprili 1955, akiwa na miaka 79.

Basi nirudi kwa mdogo wangu. Nimemwandikia baba barua. Nimemwambia kwamba, kwa maoni yangu, mtoto apelekwe, tena apelekwe na baba mwenyewe, maana asiyefundishwa na mzazi atafundishwa na vijana wenye nyaya, watakaomwingiza katika hifadhi usiku. Lakini mwaka wa kwanza asishike mtego wala mkuki. Aende alfajiri kando ya shamba aonyeshwe nyayo katika tope, ajue ya ndezi, ya pongo na ya nyati aliyetoka mtoni. Akae kimya mpaka achoke kukaa kimya. Kisha aambiwe habari za yule pongo wangu, bila kufichwa chochote.

Baba amejibu kwa maneno machache. Ameuliza ni nani atakayewazuia ndezi wasile mihogo wakati mtoto anasoma nyayo. Ni swali la haki, maana nyayo hazijazi chungu, na mtu anayelima karibu na hifadhi huyajua mambo ambayo vitabu vya shule havikuyaandika. Tutalizungumza likizo ijayo. Ila mwishoni mwa barua ameongeza kwamba mvua imenyesha, tope la kando ya shamba ni laini, na jana mtoto alimwonyesha nyayo ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezipita bila kuziona.

Ninyi wenzangu, na ninyi wazee mliosoma hapa zamani ambao sasa mna watoto wenu, nawaachia habari hii muipime. Mtoto mdogo hujifunza kuua kwa siku moja. Kujua wakati wa kutoua ndilo somo refu, na linataka mzazi wa kuketi naye.