Nahodha Bligh na Miche ya Mshelisheli

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu huko Pemba umesimama mshelisheli mkubwa, na kivuli chake ndicho baraza letu wakati wa likizo. Tangu utoto wangu nimekula mashelisheli yake, ya kupikwa kwa tui la nazi na ya kuchomwa juu ya makaa, wala sikupata kujiuliza mti huu asili yake ni wapi. Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia aliniinua darasani nitaje mmea mmoja uliochukuliwa na watu kutoka upande mmoja wa dunia hadi upande mwingine. Nikasimama kimya kama bubu. Kwa aibu ile nikaenda maktaba, na huko ndiko nilikokutana na habari za William Bligh, nahodha wa Kiingereza aliyefariki zamani. Watu wengi humjua kwa sababu ya uasi wa mabaharia wake tu. Mimi napenda kueleza zaidi juma moja alilokaa katika kisiwa cha St Vincent, katika Bahari ya Karibi.

Bligh alibatizwa mjini Plymouth mwaka 1754, na baba yake alikuwa mtumishi wa forodha. Aliingia kazi ya bahari angali mdogo. Mwaka 1776, hata miaka 22 hajatimiza, alipewa kazi ya kuongoza njia katika merikebu ya Kapteni James Cook, iliyoitwa Resolution. Si kazi ya kupewa mjinga. Cook aliuawa Hawaii mwaka 1779, na Bligh akarudi kwao. Akaoa mwaka 1781, kisha kwa miaka kadhaa akaendesha merikebu za mjomba wa mkewe, tajiri aliyefanya biashara na Jamaica. Basi visiwa vya Karibi alivijua mapema, na watumwa waliolima miwa huko aliwaona kwa macho yake.

Habari ya watumwa hao ndiyo chanzo cha safari zake. Wenye mashamba walitaka kila kipande cha ardhi kiwe miwa, na chakula kikanunuliwa mbali. Marekani ilipopigana na Uingereza chakula hicho kilikatika, kisha zikaja tufani mfululizo. Baraza la Jamaica lenyewe lilikadiria kuwa kati ya mwaka 1780 na 1787 watumwa wapatao 15,000 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyotokana nayo. Ndipo wakakumbuka mti wa Tahiti, unaozaa chakula bila kulimwa kila mwaka. Nisieleweke vibaya: hawakuwa na huruma. Walitafuta chakula cha bei ndogo ili watumwa waendelee kufanya kazi.

Lakini mshelisheli ule bora hauna mbegu. Mtu hawezi kutia kokwa mfukoni akaenda nayo kwao, bali hana budi kuchukua machipukizi yatokayo mizizini, ayapande vyunguni, na kuyanywesha maji matamu miezi mingi juu ya bahari ya chumvi. Kazi hiyo alipewa Bligh, na merikebu iliyoitwa Bounty.

Yaliyotokea yanajulikana. Aliondoka Uingereza mwezi wa Desemba 1787, akakaa Tahiti zaidi ya miezi mitano, akapakia miche zaidi ya elfu. Bligh alikuwa na ulimi mkali kuliko mjeledi, na siku moja kabla ya uasi aligombana vibaya na msaidizi wake, Fletcher Christian, kwa ajili ya nazi zilizopungua sitahani. Naam, nazi! Alfajiri ya tarehe 28 Aprili 1789 waasi wakamtia katika mashua ya futi 23 pamoja na watu 18, na miche wakaitupa baharini. Mmoja wao aliuawa kisiwani Tofua, lakini wengine wote Bligh aliwafikisha Timor tarehe 14 Juni, baada ya mwendo wa maili za baharini zaidi ya 3,600, kwa mkate na maji ya kupimwa. Wanaomwita mkatili tu waifikirie mashua ile.

Wakubwa wake wakamtuma tena. Mwaka 1791 alitoka na merikebu mbili, Providence na Assistant, akachukua Tahiti miche ya mshelisheli zaidi ya 2,000. Safari hii mimea ilitangulizwa mbele ya watu. Maji yalipopungua, mabaharia walipimiwa kidogo na miche ikanyweshwa. Katika merikebu ile alikuwamo kijana mmoja, Matthew Flinders, ambaye baadaye alichora ramani ya pwani za Australia. Yeye alikumbuka jinsi alivyolala ngazini na wenzake kuramba matone yaliyomwagika kutoka katika ndoo za mtunza bustani. Niliposoma hayo nilifunga kitabu kwanza. Sikujua nimsifu nahodha au nimlaumu, na hata sasa sijui sawasawa.

Tarehe 23 Januari 1793 merikebu zikatia nanga Kingstown, St Vincent. Kisiwa hiki hakifiki nusu ya Pemba kwa ukubwa, lakini kimeinuka juu kama ngome. Kaskazini umesimama mlima wa moto uitwao La Soufrière. Mchanga wa pwani nyingi ni mweusi kwa sababu ya mlima huo. Mabonde yamejaa miti, mawingu hushika vilele, na vijito vya maji matamu vyashuka kila upande. Hebu fikiri mabaharia wale walioramba ngazi wakiyatazama maji hayo yakijimwagia bure baharini.

Juu kidogo ya mji ilikuwako bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1765, ya kwanza ya namna yake katika sehemu zile za dunia. Msimamizi wake, Alexander Anderson, alikuwa bingwa wa mimea, na miaka tisa kabla aliwahi kuupanda ule mlima wa moto hadi kileleni. Mkononi mwake Bligh akakabidhi miche mia kadhaa, na yeye akapewa vyungu vya mimea ya Karibi ili aipeleke bustani ya mfalme huko Kew. Juma zima likawa la kupakua na kupakia. Wakubwa wa kisiwa wakamtunukia Bligh zawadi ya vyombo vya fedha vya thamani ya gini 100. Waliotarajiwa kula matunda yale hawakuulizwa neno. Huko kaskazini na mashariki walikuwako pia Wakaribi Weusi, wazao wa Waafrika na wenyeji wa asili, waliokuwa wakiitetea ardhi yao. Miaka miwili baadaye vita vikawaka, na mwaka 1797 Waingereza wakawahamisha kwa nguvu hadi kisiwa cha Roatán, karibu na pwani ya Honduras. Ndivyo ulivyokuwa uzuri wa kisiwa kile: kijani tupu juu, na chini yake machozi.

Bligh aliondoka mwisho wa mwezi, akafika Jamaica tarehe 5 Februari na miche iliyobaki. Huko Baraza likampa gini 1,000.

Miti ikashika, ikakua upesi, ikazaa. Lakini watumwa walikataa kuyala mashelisheli! Walipenda ndizi na viazi vikuu walivyovizoea, na matunda ya nahodha yakaliwa na nguruwe. Mimi nawaelewa kabisa. Chakula ulichopangiwa na bwana wako ili akutumie kwa gharama ndogo hakiwezi kuwa kitamu. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, na uhuru kamili ukaja tarehe 1 Agosti 1838. Watu walipokuwa na vibanda vyao wenyewe na kuchagua wenyewe cha kupika, wakaanza kuupenda mti ule. Leo katika nchi ya St Vincent na Grenadines, iliyopata uhuru wake mwaka 1979, shelisheli la kuchoma kwa samaki wa kukaanga ndicho chakula cha taifa.

Maisha ya Bligh yaliyobaki nitayapitia haraka. Mwaka 1806 alifanywa gavana wa New South Wales, na mwezi wa Januari 1808 askari wa huko nao wakamwasi na kumfunga. Hata hivyo alipandishwa cheo mpaka akawa makamu wa admirali. Alifariki London tarehe 7 Desemba 1817, akazikwa Lambeth, katika uwanja wa kanisa ambalo sasa ni jumba la makumbusho ya bustani. Wataalamu waliupa jina lake mti wa ackee, ambao asili yake ni Afrika ya Magharibi. Na katika bustani ya Kingstown wageni huonyeshwa mshelisheli unaosemekana kuwa chipukizi la miche yake.

Likizo iliyopita nilimsimulia Bibi habari hizi zote chini ya mti wetu, naye akiwa anamenya shelisheli. Alisikiliza mpaka mwisho: waasi, mashua, maji ya ngazini, na zile gini elfu. Kisha akaniuliza kama watu wa kisiwa kile walikuwa wakijua kulitia nazi.