Mackay wa Usambiro

Mhariri wa gazeti hili la shule aliniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki zamani, ambaye alikaa katika pande zetu hizi. Nadhani alitazamia nimwandike Daktari Williamson, yule Mkanada aliyetafuta almasi kwa miaka mingi mpaka akaipata hapa Mwadui mwaka 1940. Habari zake zi karibu nasi, na kila mtoto wa Shinyanga huzisikia nyumbani. Lakini nimemchagua mwingine, ambaye hakupata almasi wala dhahabu, na jambo alilolingoja hakuliona kwa macho yake. Jina lake ni Alexander Mackay.

Kwanza nieleze jinsi nilivyomfahamu. Nilipomaliza masomo ya ualimu nilikaa miaka minne bila kazi. Kila majina yalipotangazwa nilitafuta langu, nisilione. Mwishowe nikaona haya kuendelea kula ugali wa mama, nikaenda Geita kwa mjomba wangu, nikapata kibarua cha kuosha mchanga wa mawe kwenye mwalo mmoja wa wachimbaji wadogo. Cheti changu kilikuwa ndani ya sanduku, na mikono yangu ndani ya maji ya matope kutwa nzima. Watu wote waliniambia kwamba subira yavuta heri, nami nikachoka kabisa na methali hiyo. Mjomba peke yake hakuitumia. Yeye ni mtu wa kanisa, mpenda vitabu, na jioni moja alinipa kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, akaniambia nisome habari za Mzungu aliyengoja katika nchi hii hii kabla babu zetu hawajazaliwa. Nilikisoma kwa taa ya mkononi, usiku tatu.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, tena mtu wa elimu, akamfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne. Lakini mtoto huyu alipopata nafasi alikimbilia kwa mhunzi wa kijiji akatazame chuma kinavyofuliwa. Baba alitumaini atakuwa mchungaji kama yeye. Kijana akachagua uhandisi. Alisoma Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora mitambo katika kiwanda kimoja mjini Berlin.

Huko Berlin moyo wake ulikuwa umekwisha kata shauri. Alitaka kwenda nchi za mbali kumtumikia Mungu kwa nyundo na patasi, maana aliona kwamba mtu akifundisha dini na ufundi pamoja atafaa zaidi. Basi akaomba kwenda kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Akajibiwa kwamba wakati wake haujafika. Kisha akasikia kwamba chama cha CMS cha Uingereza kinatafuta mtu wa kusimamia kituo cha watumwa waliokombolewa huko Mombasa. Akaomba, akaambiwa nafasi imekwisha pata mtu. Nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga kidogo nikacheka peke yangu, kwa kuwa niliijua barua ya namna hiyo.

Mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London likatoa barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Mackay akaandika tena kuomba, na safari hii akakubaliwa. Walikuwa watu wanane. Siku ya kuagwa, mwezi wa Aprili 1876, yeye aliyekuwa mdogo wao aliwaonya wakuu wa chama wasistuke wakipata habari, kabla ya miezi sita kwisha, kwamba mmoja wa hao wanane amekufa. Na kweli, mwezi wa Agosti mwaka huo huo mmoja alikufa Unguja. Mwaka wa pili mwingine akafa kwa ugonjwa akiwa kando ya ziwa, na mwezi wa Desemba 1877 wawili wakauawa Ukerewe.

Mackay mwenyewe hakufika upesi. Alianza safari ya bara pamoja na wenzake mwaka 1876, akashikwa na ugonjwa njiani, akaamriwa arudi pwani. Fikiria, msomaji: mtu amengoja miaka, amevuka bahari, amekwisha ingia njiani, kisha anarudishwa nyuma kama mtoto aliyesahau daftari! Lakini hakukaa bure. Mwaka 1877 alishika shoka na majembe, akakusanya vibarua, akafungua barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, ili magari ya ng'ombe yapate kupita. Ng'ombe wengi waliuawa na mbung'o. Ndipo tarehe 13 Juni 1878 alipofika Kageyi, upande huu wa Mwanza, akaikuta mashua iitwayo Daisy imeoza pwani ya ziwa na mizigo ya misheni imetawanyika. Akaitengeneza mashua. Wakatweka, dhoruba ikawatupa ufukoni, mashua ikavunjika. Akaikata sehemu ya katikati, akaunganisha tezi na omo, na mbao alizozikata akazitia viraka. Aliingia Buganda mwezi wa Novemba 1878, karibu miaka miwili na nusu tangu aondoke kwao.

Habari za Buganda ni ndefu, nami nitazipitia kwa haraka. Alimsomea Mutesa Maandiko kwa Kiswahili, yale yaliyotafsiriwa na Askofu Steere wa Unguja, maana lugha yetu ilikuwa ikieleweka barazani kwa Kabaka. Alifua vyuma, alichonga mbao, alipiga chapa karatasi za kusomea. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882 ndiye aliyesimamia kutengeneza majeneza matatu makubwa, moja ndani ya jingine. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Wala sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali wa maneno, aligombana mbele ya Kabaka na mapadre wa Kifaransa, akagombana na Waarabu pia, na baadaye aliwasihi wenzake wa Ulaya waziingilie nchi hizi kwa nguvu zao. Hapo mimi simwungi mkono. Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wanafunzi wa Mackay walichomwa moto. Mwezi wa Oktoba Askofu Hannington aliuawa Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 Wakristo wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa Namugongo. Mackay hakuguswa, kwa sababu Mwanga alimhitaji fundi. Mwezi wa Julai 1887 akafukuzwa.

Sasa nimefika mahali nilipotaka kufika. Alivuka ziwa kuja kusini, akapiga kambi Usambiro, ambapo wenyeji huita Busambiro, katika nchi ya Wazinza na Wasukuma, kusini mwa ule mkono wa ziwa utengao Mwanza na Geita. Siku hizi tunauvuka mkono huo juu ya Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Zamani za kivuko tulijua wenyewe maana ya kungoja. Mackay alidhani atakaa Usambiro kitambo kidogo tu, mpaka hasira za Mwanga zitulie. Alikaa miaka miwili na nusu.

Katika mwezi wa Machi 1888 askofu mpya, Parker, aliyekuwa amekuja ili aende Buganda, alikufa Usambiro, na mwenzake Blackburn akafa mwezi huo huo. Mwezi wa Septemba Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Mwezi uliofuata wamisionari waliobaki Buganda walifukuzwa. Kiboko akaipiga mashua yao ziwani ikazama, na walipookoka wakafika kwa Mackay mikono mitupu. Wakimbizi wa Kiganda nao wakaja. Yule aliyekuwa anangoja mlango ufunguliwe ndiye aliyegeuka kuwa mlango wa wengine.

Nimejiuliza mara nyingi alikuwa akifanya nini kila asubuhi. Jibu ni kwamba alifanya kazi. Alifyatua matofali, akajenga nyumba. Akaendelea kutafsiri Injili kwa Kiganda, lugha ya nchi asiyoruhusiwa kuikanyaga. Akafundisha vijana kusoma. Akaanza kukata mbao za mashua mpya, na kuunganisha mitambo ya mvuke ya kuiendesha, ili siku njia itakapofunguka asikose chombo. Nchi yetu hii inajua chuma tangu kale. Warongo wa Geita walikuwa wakiyeyusha mawe na kufua majembe yaliyouzwa mbali, kwa hiyo naamini mlio wa nyundo haukuwa kitu kigeni masikioni mwa majirani zake.

Mwisho wa Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro pamoja na Emin Pasha na mamia ya watu wao waliochoka, wakakaa karibu majuma matatu. Stanley alistaajabu kuona karakana, nyumba safi na mtu mmoja mwenye utulivu katikati ya msiba wote huo. Alimsihi wafuatane kwenda pwani. Wakuu wa London nao walikuwa wamemwita arudi apumzike, maana hakuiona nyumba ya baba yake tangu mwaka 1876. Mackay alikataa. Msafara ukaondoka tarehe 17 Septemba, naye akabaki.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho methali haikunieleza. Mimi kule mwaloni nilihesabu siku zangu kama hasara. Nilimwomba Mungu anipe tarehe, na kwa kuwa hakunipa, niliona hajanisikia. Mackay naye hakupewa tarehe. Nilivyomsoma mimi, hakumdai Mungu tarehe. Alimwachia Mungu Buganda, yeye akashika matofali. Sisemi ni rahisi. Lakini kesho yake jioni niliwaita watoto wa wachimbaji waliokuwa wakicheza kwenye vifusi, nikaanza kuwafundisha hesabu kwa mkaa juu ya ubao wa boksi. Walianza wanne. Barua yangu ya kazi ilipofika, baada ya mwaka mzima na miezi miwili, walikuwa ishirini na saba, na siku ya kuondoka niliona vigumu kuwaacha.

Katika mwaka huo wa 1889 habari za Buganda zilianza kubadilika. Mwanga, ambaye sasa alikuwa mkimbizi, alikuja kusini mwa ziwa, akapokewa na mapadre wa Kifaransa Bukumbi. Alimwandikia Mackay, yule yule aliyemfukuza, akimsihi asahau mambo ya zamani na amsaidie. Stokes, mmisionari aliyegeuka mfanyabiashara, ndiye aliyempakia Mwanga katika chombo chake na kumrudisha. Wakristo wakapigana, wakaingia Mengo mwezi wa Oktoba, wakatolewa tena. Njia ilikuwa ikifunguka na kufungwa kama mlango uliopigwa na upepo.

Mapema mwezi wa Februari 1890 mwenzake wa mwisho pale Usambiro, Deekes, alikuwa mgonjwa, naye alifunga mizigo kwenda pwani. Asubuhi ya safari Mackay akashikwa na homa. Deekes, mgonjwa kama alivyo, hakuondoka. Homa ikapanda kichwani, na siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari, Mackay akafa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Mbao zilizokuwa tayari ni zile alizozikata kwa ajili ya mashua. Katika mbao hizo Deekes aliamuru litengenezwe jeneza. Jumapili wakamzika karibu na Askofu Parker, na vijana wa kijiji pamoja na wakimbizi wakamwimbia kwa Kiganda.

Mwezi huo huo wa Februari majeshi ya Mwanga na Wakristo yaliwashinda adui zao, na Mwanga akakaa tena Mengo. Aliyengojewa amefika, na mngojaji amekwisha zikwa siku chache tu. Mjomba aliniuliza nilionaje jambo hilo, nikamjibu kwamba lilinichoma. Akasema hata yeye lilimchoma alipolisoma mara ya kwanza, na hakuongeza neno.

Mwaka 1927, ambapo misheni ya Uganda ilitimiza miaka hamsini, mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro. Ikavushwa ziwa kwenda kaskazini, njia ile ile aliyoingoja, ikazikwa tena juu ya kilima cha Namirembe, kando ya kanisa kuu, ambako kaburi lake liko hata leo.